Mashine ya kurekodi muziki: mambo ya kuangalia mbele ya kulipa

Kikundi kinakwenda kijijini kurekodi mzee anayepiga lulanga, ile nanga ya Bashi. Mzee anapiga mara moja, anachoka. Wakirudi mjini wanakuta sauti imepasuka tangu mwanzo, na hakuna programu ya kuirudisha vizuri. Njo maana kuchagua mashine ni kazi ya mbele ya safari.

Telefone je? Inarekodi, ila mara nyingi imepangwa juu ya sauti ya mtu anayezungumza. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, yenyewe inashusha sauti. Ngoma ikinyamaza, inaipandisha. Muziki unakosa uhai. Kwa hiyo mashine iwe na namna ya kupanga sauti kwa mkono. Wanamuziki wajaribu kwanza pale wimbo unapokuwa na nguvu zaidi: kipimo kisifike 0. Kubaki desibeli 12 chini yake ni salama.

Jambo la pili ni faili. WAV inalinda sauti yote. MP3 inakata sehemu ili iwe ndogo. Saa 1 ya stereo ya WAV, kwa ubora wa CD, inakula karibu megabaiti 635. MP3 ya kilobiti 128, karibu 58. Afazali kurekodi kwa WAV, kisha kutoa humo MP3 ya kutuma kwa WhatsApp. Kile MP3 imekata hakirudi tena.

Tatu, mikro. Zoom H1n ni ndogo, ina mikro mbili zake, na inatosha gitaa ao kwaya ndogo. Zoom H4n Pro inaongeza matundu mawili ya XLR ya kuchomeka mikro kubwa. Kikundi kisicho na mikro hizo, matundu hayo kinayalipia bure.

Ine, umeme. Zote mbili zinatumia pile mbili za kawaida. Kule moto unakatika kila siku, pile ya dukani inaokoa kazi.

Mwisho, kadi ya memori. Mashine hizi mbili zinakubali mpaka gigabaiti 32. Kadi za bandia ni nyingi sokoni: ijazwe faili, kisha zifunguliwe zote. Na siku ileile ya kurekodi, kazi ikopiwe pahali pawili, juu mzee hatapiga vile mara ya pili.