Picha ya uyoga: Kabla ya kununua stendi, shona mfuko wa maharage

Mvua zikianza Ulyankulu, mkoani Tabora, uyoga huchipua kwenye misitu ya miombo na watoto huomba simu za wazazi wapige picha. Mtoto anachuchumaa, anabonyeza, picha inatoka na ukungu. Sababu ni kwamba kamera ikiwa karibu sana na kitu, mtikisiko mdogo tu wa mkono huiharibu picha.

Wazazi wengi hufikiria kununua stendi ya miguu mitatu. Kabla ya kutoa fedha, pima urefu wake ikiwa imefupishwa kabisa. Nyingi bado huiacha simu juu mno kwa uyoga wenye kimo cha kidole. Ukinunua, chagua ambayo miguu yake hutanuka hadi karibu na ardhi.

Njia rahisi zaidi ni mfuko. Kata mguu wa suruali kuukuu, shona upande mmoja, tia maharage hadi robo tatu, kisha funga. Usiushindilie, maana nafasi hiyo ndiyo inayoifanya simu izame kidogo na kutulia. Tega kipima muda cha kamera kwa sekunde 3 ili kidole kisiitikise.

Jambo moja halina mjadala: kifutu hulala kwenye majani makavu na mara nyingi hakimbii anaposogelewa. Mtoto avae buti, na mzazi apekue majani kwa fimbo ndefu kabla mtu hajainama. Uyoga nao ubaki pale pale. Picha haiwezi kuthibitisha kwamba hauna sumu.