John Hunter, mganga mwenye kuuliza

John Hunter alizaliwa mwaka 1728 katika nchi ya Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Alikuwa kitinda mimba wa watoto kumi. Masomo ya vitabu hakuyapenda. Alipenda kutazama nyuki, chungu na ndege, akawasumbua watu kwa maulizo: Kwa nini majani ya miti hubadili rangi? Nani angemjibu?

Alipopata miaka 20 akaenda London kwa ndugu yake mkubwa, William, aliyewafundisha vijana namna mwili wa mtu ulivyo ndani. John akapewa kazi ya kupasua maiti kwa ajili ya masomo. Hapo uvivu wake ukaisha! Akaifanya kazi ile karibu miaka 12.

Mwaka 1761 alikuwa mganga wa askari Waingereza waliopigana na Wafaransa katika kisiwa cha Belle-Île. Siku zile, askari akipigwa risasi, waganga walipanua kidonda kwa kisu na kuitafuta risasi. Lakini askari kadha Wafaransa, wenye kupigwa risasi, walijificha siku chache katika nyumba moja, pasipo mganga wala dawa. Walipoonekana, kumbe! Vidonda vyao vilipona vizuri kuliko vya wale waliopasuliwa. Tangu hapo Hunter hakutaka kupanua kidonda bila sababu.

Akarudi London, na mwaka 1768 akawa mganga wa hospitali ya St George's. Alifundisha vijana wengi. Mmoja wao ni Edward Jenner, yule aliyeleta chanjo ya ndui mwaka 1796.

Desemba 1785 Hunter alimtibu mwendesha gari la farasi, mtu wa miaka 45. Nyuma ya goti lake palikuwa na uvimbe uliopigapiga kama moyo. Mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umedhoofika na kutanuka kama kibofu. Ukipasuka, mtu aweza kufa. Waganga wengine walikata mguu juu ya goti. Wengine walipasua uvimbe wenyewe, na wagonjwa wengi wakafa. Wala dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie kisu ilikuwa haijajulikana bado.

Hunter hakuugusa uvimbe. Alipasua paja, akaufunga mshipa kwa uzi. Basi damu ipite wapi? Alijua ya kuwa kando ya mshipa mkubwa iko mishipa midogo, kama vijito kando ya mto. Njia kubwa ikizibwa, ile midogo hutanuka na kupitisha damu.

Baada ya juma sita mtu yule akatoka hospitali kwa miguu yake miwili, akarudi kuendesha gari lake.

Mwaka 1787 akafa kwa homa, si kwa ugonjwa wa goti. Hunter akaupata mguu ule, akaupasua atazame. Mshipa uliofungwa ulikuwa umeziba kabisa, uvimbe umenywea na kuwa mgumu, na nyama ya mguu ilikuwa nzima.