Nilitumwa Kukanya, Nikakaa Kusikiliza

Dada yangu wa Lamu alinituma Nairobi na ujumbe mmoja: nimkanye mwanawe aliyeko Kibera, aache kuzunguka na simu akinasa kelele za njiani na kuziita muziki. Nilifika Makina baada ya sala ya alasiri. Kijana akaniamkia, akanitilia kahawa, na kabla sijafungua kinywa akanambia, "Mjomba, sikiliza kwanza, kisha uhukumu."

Mimi, msomaji, nimelelewa chuoni. Sikio langu lilifunzwa kutamka herufi kabla halijajua jina la ala yoyote, na shairi lisilo mizani kwangu ni mtu asiye nguo. Basi kijana alianza pabaya. Aliniwekea santuri (ndivyo ninavyoziita bado, ingawa siku hizi zimo simuni) ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020. Jina si la yule mnyama. Ni giza, kwa lugha ya Kikuyu. Ngoma zinakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa, na mwimbaji anapiga ukelele. Nilivumilia vipande viwili. Hasira yao naiamini, lakini hasira isiyovuta pumzi humchosha msikilizaji. Nikaomba maji.

Ya pili ilikuwa Peel, ya Joseph Kamaru ajiitaye KMRU, nayo ya 2020. Wazee wa Nairobi wanalijua jina hilo: ni la babu yake, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, ambaye hakuogopa kuwaimba wakubwa. Mjukuu hana hata neno moja. Hamna ngoma, hamna gambusi. Sauti huja polepole kama maji ya bamvua yakiingia mikokoni, na kipande cha mwisho kinapita dakika 20. Mwanzo nilidhani simu imeharibika. Kisha gari moshi likapita katika ile reli inayoikata Kibera, nikashindwa kujua lipi la santuri na lipi la nje. Nikavitoa visikizio masikioni. Nyundo za jua kali, mtoto akilia, muadhini akikohoa kwenye kipaza sauti kabla ya adhana: vyote nilivisikia kama mgeni.

Kesho yake tulikwenda Kawangware kwa matatu ya 46, muziki ukitutikisa mbavu. Kijana akasimama mbele ya fundi cherehani, simu juu, dakika kumi nzima. Watu walimcheka. Nakiri, niliona haya.

Njiani tukirudi akanisikizisha Temporary Stored, ya 2022. Humo KMRU amechukua sauti za kale za Afrika zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akazisuka upya. Zinatoka kama nyuma ya ukungu. Naiona bora kuliko Peel, ingawa inauma zaidi. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928, sauti yake ikabaki. Mama yetu, aliyeongoza vugo arusini miaka mingi, hakuendewa na mtu. Amekwenda na sauti yake.

Dada yangu ndiye aliyerithi zile nyimbo. Nikamwuliza kijana kama amewahi kumnasa mamake. Akainama. "Hunambia niondoe hiyo simu, mjomba."

Nimempa nauli ya basi la Lamu. Dada yangu bado sijamjibu.