Sauti Isiyotarajiwa Sokoni

Novemba 2009, maduka ya muziki ya Uingereza yaliuza nakala 411,820 za albamu moja ndani ya wiki moja. Hakuna albamu ya kwanza ya mwanamke iliyokuwa imewahi kuuzwa kwa kasi hiyo nchini humo. Marekani nako, wiki ya kwanza ilifungwa kwa nakala zipatazo 701,000. Mwenye albamu, Susan Boyle, alikuwa na miaka 48, na miezi sita kabla alikuwa ameshindwa. Katika fainali ya shindano la vipaji la Britain's Got Talent, tarehe 30 Mei, alishika nafasi ya pili nyuma ya kundi la wacheza dansi la Diversity.

Wengi tunakumbuka alivyoonekana mara ya kwanza Aprili ya mwaka huo. Mwanamke wa kijiji cha Blackburn, Uskoti, nywele zimetimka, gauni la rangi ya dhahabu, anawaambia majaji kwamba anataka kuwa mwimbaji wa kulipwa. Ukumbi ukamcheka. Akafungua kinywa, kicheko kikakatika. Nimeitazama video hiyo mara nyingi na bado inanigusa. Lakini mhasibu ana swali lake: pesa ya dakika zile saba ilikwenda kwa nani? Ndani ya siku chache video ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye intaneti, ila kituo cha ITV kilichoirusha hakikuvuna matangazo ya huko, kwa sababu hakikuwa kimeafikiana na YouTube. Mavuno yalikuja baadaye, kupitia Syco, kampuni ya Simon Cowell na Sony. Cowell alikuwa jaji mezani, kampuni yake ilishiriki kutayarisha kipindi, na lebo yake ndiyo iliyotoa albamu. Mlango mmoja wa kuingilia, na kila chumba cha ndani kina mwenyewe yuleyule.

Biashara hii imesimama juu ya muundo unaouzwa kwa leseni. Pop Idol ya Simon Fuller ilianza Uingereza 2001, ikavuka hadi Marekani 2002 kama American Idol, kisha ikasambaa katika nchi nyingi. Anayenunua leseni hupewa karibu kila kitu: namna ya kuketisha majaji, mpangilio wa mchujo, taa, muziki wa kutia wasiwasi kabla ya jina kutajwa. Kitu kimoja hakimo ndani ya mkataba, nacho ni mtu atakayeingia mlangoni siku ya usaili. Kwa hiyo mshiriki asiyefanana na wengine ndiye bidhaa pekee ambayo mwenye muundo hawezi kuitengeneza kiwandani. Waimbaji mia wenye sauti nzuri na sura nzuri hufanana, na mtazamaji huwasahau kabla ya msimu kuisha. Wadhamini kama Coca-Cola na Ford, waliokaa na American Idol kwa miaka mingi, walikuwa wakinunua mazungumzo ya kesho yake kazini na shuleni, na mazungumzo hayo huanzishwa na mtu wa ajabu.

Namna rahisi ya kumtumia mtu huyo ni kumcheka. Mwaka 2004 William Hung, mwanafunzi wa uhandisi wa Berkeley aliyezaliwa Hong Kong, aliimba wimbo wa Ricky Martin mbele ya majaji wa American Idol na kukataliwa papo hapo. Aliwajibu kwamba amejitahidi kadiri ya uwezo wake na hajutii chochote. Ndani ya miezi michache kampuni ya Koch ilikuwa imetoa albamu yake, na nakala karibu 200,000 zikauzwa. Nasema wazi kwamba ule ulikuwa uvunaji wa siku moja. Kicheko hakina msimu wa pili, na Hung hatimaye aliacha jukwaa akaenda kuajiriwa kama mtu mwingine yeyote. Kinachoniuma zaidi ni wale waliokuja nyuma yake katika nchi nyingi, vijana waliopitishwa hadi kwenye kamera kwa sababu tu watayarishaji walijua watachekesha, na wao hawakuambiwa.

Mshiriki wa ajabu akipita usaili na kuingia kwenye kura, mambo hubadilika kabisa. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17, Sanjaya Malakar, aliendelea kubaki American Idol wiki baada ya wiki huku majaji wakimkosoa na mtindo wake wa nywele ukijadiliwa kuliko uimbaji wake. Mtangazaji wa redio Howard Stern aliwahimiza wasikilizaji wake wampigie kura. Sanjaya alifika nafasi ya saba. Wenye kipindi walikuwa njia panda: kijana yule alikuwa akizungumzwa nchi nzima, na papo hapo alikuwa akitia shaka juu ya dai lao kwamba wanatafuta mwimbaji bora. Shindano likionekana mchezo, albamu ya mshindi haiuziki. Msimu wa 2009 majaji wa kipindi hicho walipewa uwezo wa kumwokoa mshiriki mmoja aliyetolewa na kura. Mimi naisoma hatua hiyo kama bima: kura ibaki kwa wananchi, lakini mwenye mali awe na kamba ya kuvutia.

Kura zenyewe zina uzito gani ilionekana China. Mwaka 2005 kituo cha Hunan kilirusha shindano la Super Girl, kwa udhamini wa kampuni ya maziwa ya Mengniu iliyokuwa ikitangaza mtindi wake. Aliyeshinda, Li Yuchun wa Chengdu, alivaa suruali, akiwa na nywele fupi na sauti nzito, kinyume na picha ya mwimbaji wa kike waliyoizoea watazamaji wa huko. Kwenye fainali ya Agosti alipata kura 3,528,308 kwa ujumbe wa simu, na kila ujumbe ulilipiwa. Mashabiki wake walijiita Mahindi, kwa kuwa jina hilo kwa Kichina linakaribiana na jina lake, na walisimama barabarani kuwaomba wapita njia wawaazime simu wapige kura. Hapo mshiriki alikuwa amejenga soko la watu ambao runinga ya taifa haikuwa imewaona. Serikali nayo iliona. Kanuni zikaongezwa mwaka hadi mwaka, kura za simu zikakatazwa, na 2011 kipindi kikasimamishwa.

Kwa swali la namna ya kumtumia mshiriki wa ajabu, Mholanzi John de Mol alikuja na jibu la namna nyingine 2010. Katika shindano lake, The Voice, jaji anampa mgongo mwimbaji, anasikia kabla ya kuona. Kejeli za usaili ziliondolewa, na kuondolewa huko kukawa ndiyo bidhaa. Mwaka 2015 ITV ililipa Euro milioni 500 za awali kuinunua Talpa Media, kampuni ya de Mol. Heshima kwa mshiriki, kumbe, ina bei yake, na ni bei kubwa.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu ina kasoro tofauti. Bongo Star Search ya Rita Paulsen na Benchmark Production imetoa waimbaji wengi, na usaili wake mbele ya Madam Rita, Master Jay na Salama Jabir ulikuwa gumzo vijiweni. Tusker Project Fame ilifika mbali zaidi kijiografia: ilianza na Valerie Kimani wa Kenya 2006, ikampa ushindi Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, na 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Mtoto wa nchi ndogo, mwenye lafudhi ngeni masikioni mwa Nairobi, alishinda ndani ya shindano la kampuni ya bia ya Kenya. Kwa mdhamini anayetaka kuuza bia kuvuka mipaka, hakuna tangazo lililo bora kuliko hilo.

Lakini bia ilikuwa ndiyo biashara, na albamu haikuwa. Syco ilipomwona Boyle ilikuwa na studio, wasambazaji na maduka yanayosubiri. Kampuni ya bia hupima faida kwa chupa, na msimu ukifungwa bajeti hufungwa nayo. Mshiriki wa ajabu huku kwetu hutengenezewa jina kwa wiki kadhaa, kisha hukabidhiwa jina hilo alibebe peke yake. Peter Msechu alikuwa wa pili Bongo Star Search 2009, akawa wa pili tena Tusker Project Fame 2010. Anayepigiwa kura katika mashindano mawili na nchi zaidi ya moja ana mashabiki waliokwisha hesabiwa, jambo ambalo lebo yoyote ingelilipia utafiti. Msechu ameendelea kuimba kwa jitihada zake. Walter Chilambo, mshindi wa Bongo Star Search 2012, alikuja kupata hadhira kubwa miaka kadhaa baadaye akiwa mwimbaji wa nyimbo za Injili, na wengi wa wanaomsikiliza leo YouTube hawakumfahamu kupitia shindano.