Mtoto asiye na njia ya haja kubwa (2): Usisahau figo

Juma lililopita tulieleza kwa nini mtoto anayezaliwa bila njia ya haja kubwa, takribani 1 kati ya 5,000, mara nyingi hutolewa utumbo tumboni ili choo kipitie hapo kwa muda. Leo tuzungumzie figo, ambazo ndugu wanaokuja kumpa mama pole hawazioni wala kuziulizia.

Mwanzoni mwa mimba, mwisho wa utumbo na njia ya mkojo huwa chumba kimoja, kisha ukuta hushuka kukigawa. Ukienda kombo, pande zote mbili huweza kuathirika. Ndiyo maana karibu theluthi moja hadi nusu ya watoto hawa wana kasoro ya mfumo wa mkojo pia: figo moja tu, figo iliyovimba maji, au mkojo unaorudi juu kutoka kwenye kibofu. Utumbo ulioishia karibu na ngozi una hatari ndogo. Ulioungana na shingo ya kibofu, hatari ni kubwa mno.

Uchunguzi huanza kwa macho. Mtoto wa kiume huwekewa kipande cha shashi kwenye ncha ya uume. Kikichafuka kwa choo cha kwanza, kile cheusi chenye ukijani, basi utumbo umeungana na njia ya mkojo. Lakini asubiriwe, choo huchukua karibu saa 24 kusukumwa hadi hapo. Kwa wa kike, hesabu matundu. Likiwa moja tu badala ya matatu, mkojo, uke na utumbo vinaishia pamoja. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu uke huweza kujaa maji, ukaibana mirija ya mkojo mpaka figo zikavimba. Maji hayo lazima yatolewe mapema.

Kisha altrasaundi ya figo, kabla ya upasuaji. Haina mionzi wala haiumi. Ila majibu mazuri ya siku ya kwanza yasikulaze usingizi: kichanga hukojoa kidogo siku hizo, na figo yenye tatizo huweza kuonekana salama. Kipimo kirudiwe baada ya wiki chache. Uti wa mgongo nao upimwe kwa altrasaundi kabla ya miezi 3, mifupa ikiwa bado laini, maana mishipa ya fahamu ya kibofu hutokea huko.

Kwa maoni yangu tunakosea baadaye. Utumbo ukisharudishwa ndani, faili linafungwa. Mtoto akipata homa anapewa dawa ya malaria, mkojo haupimwi. Akifika miaka mitano nguo zinalowa mchana kutwa, anachapwa kwa ukaidi, kumbe kibofu hakimwagi mkojo wote na figo zinaharibika polepole. Mwenye mtoto wa aina hii aombe altrasaundi na kipimo cha damu cha figo hata mtoto akiwa anacheza vizuri.

Juma lijalo: upasuaji wa kutengeneza njia yenyewe.