Hati Katika Chombo cha Udongo: Juu ya Kuyatunza Majarida Yetu ya Kitaaluma

Katika sura ya 32 ya kitabu chake, nabii Yeremia ananunua shamba la Anathothi hali Yerusalemu umezingirwa na majeshi ya Babeli. Sisi wahubiri tumezoea kukaa juu ya tumaini la tendo hilo, nasi twafanya vema. Ila mara chache twatazama maagizo aliyopewa Baruku. Hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, na zote zikawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu. Ya wazi ni ya kusomwa. Ya muhuri ni ya kuthibitisha, endapo ile nyingine itaharibika au kugeuzwa.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alitafuta makala juu ya desturi za mazishi, iliyoandikwa miaka ya 1990 na mchungaji ambaye sasa ni marehemu. Chuo kilichoichapa kilikuwa na matoleo yote katika disketi, zimepangwa vizuri kabatini. Hatukupata mashine ya kuzisoma mjini Iringa. Tulipoipata kwa fundi mmoja Mbeya, disketi mbili tu kati ya kumi na moja zilifunguka, na makala ile haikuwamo. Mwishowe nakala ya karatasi ilipatikana Tukuyu, katika sanduku la mjane wa mwandishi, chini ya vitenge.

Wengi wetu hudhani kwamba shida hiyo imekwisha, kwa kuwa siku hizi makala huwekwa mtandaoni. La hasha. Kusomeka leo na kudumu ni mambo mawili. Tovuti hukaa katika seva ambayo hulipiwa kila mwaka. Mhasibu akisahau ada, au kijana aliyejua neno la siri akihamia Dodoma, jarida zima hutoweka pasipo moto wala mafuriko. Laakso, Matthias na Jahn, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2021, walihesabu majarida 174 ya kusomwa bure yaliyotoweka mtandaoni kati ya mwaka 2000 na 2019, ya fani zote kuu na ya kila upande wa dunia.

Dawa iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1999, huitwa LOCKSS, na maana ya jina hilo ni kwamba nakala nyingi hulinda kitu. Maktaba kadhaa, zilizo mbali mbali, kila moja huweka nakala yake. Kompyuta zao huulizana mara kwa mara: kila moja hukokotoa namba kutokana na yaliyomo katika faili, na namba hizo hulinganishwa. Herufi moja tu ikiharibika, namba hutofautiana, na nakala mbovu hutengenezwa kwa kufuata zile zilizo nzima. Kwa lugha ya Torati, neno huthibitika kwa mashahidi wawili au watatu.

Jambo hili halikuwa geni kwetu zama za karatasi. Africa Theological Journal, lililoanza Makumira mwaka 1968, limesalimika katika maktaba za nchi nyingi kwa sababu tu nakala zilitumwa huko kwa posta.

Majarida yanayotumia OJS, programu ya bure iliyotoka Kanada, yaweza kuingizwa bila malipo katika mtandao wa hifadhi wa watengenezaji wake, nao hutumia njia hiyo ya LOCKSS. Jarida sharti liwe na namba ya ISSN, na mhariri akubali masharti. Kazi hiyo ni ya alasiri moja, nami nashangaa ni wahariri wangapi hawajaifanya.

Matoleo ya zamani yatadai jasho zaidi: yapigwe picha kwa skana ukurasa kwa ukurasa, yahifadhiwe kwa muundo wa PDF/A, ambao hubeba fonti zake ndani ya faili na hautegemei programu ya kampuni moja. Kisha diski moja ikae Iringa, nyingine Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, na ya tatu Makumira. Kila mwaka mtu mwenye jina, si kamati, azifungue na kuzikagua. Karatasi zenyewe zisitupwe. Zijalidiwe, ziwekwe mbali na mchwa.

Mwanafunzi wangu alirudi Tukuyu kurejesha makala ile. Mama yule alimwomba amwachie nakala, na ile asili aipeleke maktabani.