Mgonjwa aulizwe mapema, kabla hajashindwa kujibu

Saa nane usiku niliitwa wodini. Mzee wa miaka 74, ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa na moyo umechoka, hakuweza tena kuzungumza. Nje ya mlango watoto wake walikuwa wakibishana. Kaka mkubwa alitaka baba awekewe mashine ya kupumulia. Dada yake alisema baba ameteseka vya kutosha, arudishwe nyumbani.

Niliwauliza: "Mzee mwenyewe alisemaje alipokuwa na nguvu?"

Wote wakanyamaza. Aliyejibu ni mama yao, aliyekuwa amekaa kwenye benchi amejifunika kanga. "Alitaka kusema, mwanangu. Mara mbili. Nikamwambia asijichulie."

Tulimweka kwenye mashine. Alifariki siku ya tisa, mikono ikiwa imefungwa ili asichomoe mipira. Mpaka leo sijui kama ndivyo alivyotaka. Wanawe nao hawajui, na nilisikia kuwa wale wawili hawakusalimiana msibani.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji ni sawa, mpelekee tu. Lakini mashine, upasuaji na mahali pa kulala siku za mwisho si uji. Hayo mgonjwa aulizwe, na aulizwe mapema.

Si uchuro

Wengi huogopa kwamba kutaja kifo ni kukiita. Hata hivyo, watu hao hao huandika wosia wa shamba na nyumba, na dini zetu hazikatazi. Uislamu unamhimiza muumini awe na wasia ulioandikwa. Kama tunapanga nani atarithi bati na ng'ombe, kwa nini tusipange mwili wetu utahudumiwaje?

Kupanga huku si kuomba kufishwa. Jambo hilo sheria yetu hairuhusu. Wala si kukataa tiba. Mgonjwa anayesema hataki mashine bado atatibiwa maumivu, atasaidiwa anapobanwa na pumzi, atasafishwa na kugeuzwa kitandani.

Mambo manne ya kuzungumza

Kwanza, chagua msemaji wako. Si lazima awe mtoto wa kwanza au mwenye fedha nyingi. Awe mtu anayekufahamu na atakayeweza kusimamia ulichosema hata ndugu wakipaza sauti. Mweleze yeye, kisha waeleze wengine kuwa umemchagua.

Pili, sema ni kitu gani kwako ni uhai wenye maana. Mmoja ataniambia, "Nikiweza kuwatambua wajukuu, nipiganieni." Mwingine atasema hataki kuishi bila kujua alipo. Maneno kama hayo hunisaidia kuliko orodha ya vifaa.

Tatu, muulize daktari kuhusu tiba nzito: mashine ya kupumulia, kusafisha damu, kulishwa kwa mpira, kukandamizwa kifua moyo unaposimama. Uliza: itanirudisha katika hali gani? Kukandamiza kifua huokoa watu wengine, lakini kwa mwili uliodhoofishwa na ugonjwa wa muda mrefu uliofika mwisho ni mara chache moyo hurudi, na mbavu zinaweza kuvunjika.

Nne, sema ungependa kuwa wapi, na nani awepo. Kama ni nyumbani, familia inahitaji kujua mapema nani atakaa nawe, dawa zitapatikana wapi na apigiwe nani usiku.

Maumivu yana dawa

Wengi huchagua hospitali kwa hofu ya maumivu. Hapa ndipo inapoingia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye maradhi makubwa, pamoja na kuitegemeza familia yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, na takribani asilimia 14 tu ndio huipata. Hapa nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road ni miongoni mwa wanaoitoa.

Dawa moja kubwa ni mofini ya maji, ambayo mgonjwa hunywa hata nyumbani. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Husababisha choo kigumu, hivyo omba na dawa ya kulainisha.

Kwa mzazi wa mtoto mgonjwa

Kwa mzazi mazungumzo haya ni mazito zaidi. Lakini mtoto mwenye saratani anajua mengi kuliko tunavyodhani. Anaona kitanda cha jirani kikitandikwa upya. Usimdanganye. Msikilize, jibu alichouliza, kwa maneno ya umri wake. Msichana wa miaka 11 niliyemhudumia hakuuliza kuhusu kifo. Aliomba asichomwe sindano mama akiwa nje, na arudi kulala na mdogo wake. Yote mawili yaliwezekana kwa sababu mama alimuuliza.

Andika, kisha rudia

Andika kwenye karatasi au daftari: jina lako, tarehe, msemaji wako na matakwa yako. Weka saini mbele ya mashahidi wawili. Nakala moja abaki nayo msemaji, nyingine mwombe daktari aiweke kwenye faili lako. Isifungiwe kabatini, maana karatasi isiyoonekana saa nane usiku haisaidii. Unaruhusiwa kubadili mawazo. Hali ikibadilika, andika upya na uwaeleze.

Huna haja ya kusubiri uugue. Na kama mzazi wako akianza kusema, "Siku nikiondoka...", usimkatize. Vuta kiti, ukae, umwache amalize.